Baba hapungi tena mkono wa kushoto: ni uzee, amerogwa, au ni Parkinson?

Swali: Shikamoo daktari. Baba yangu ana umri wa miaka 64, ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na tunaishi Tanga. Tangu mwaka juzi analalamikia bega la kushoto, akaambiwa ni baridi yabisi na kupewa dawa za maumivu. Sasa mkono huohuo unatetemeka akiwa amekaa, lakini akishika kikombe unatulia. Akitembea, mkono huo haupungi. Amekuwa mzito kuvaa, mwandiko wake umekuwa mdogo hadi benki imeikataa saini yake, na majirani wanauliza mbona kila siku amenuna. Zamani alikuwa akiadhini, siku hizi sauti haimtoki. Tangu mwaka jana anameza vidonge vya kizunguzungu kila siku. Jamaa mmoja ametushauri tuchange fedha za MRI, kile kipimo cha picha ya ubongo, kaka yangu anasema baba amerogwa, na mama anasema ni uzee tu. Tuanzie wapi?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu ndani yake mna mambo ambayo daktari huweza kumwona mgonjwa mara kadhaa bila kuyapata. Kwa jinsi ulivyoyaeleza, ugonjwa wa Parkinson ndio wa kwanza ninaoufikiria, ingawa sijamwona mzee na hakuna daktari anayeweza kuuthibitisha kwa barua. Hata hivyo lipo jambo moja uliloligusa kwa sentensi moja tu, vile vidonge vya kizunguzungu, ambalo ni lazima lichunguzwe kabla mtu yeyote hajampa baba yako jina la ugonjwa atakaoishi nao maisha yake yote. Fedha za MRI msizichange kwanza, na sababu yake nitaieleza.

Ugonjwa huu unaitwa kwa jina la James Parkinson, daktari wa London aliyeandika habari zake mwaka 1817. Aliwaeleza wagonjwa sita, na baadhi yao hakuwahi kuwapima kabisa, aliwaona tu barabarani wakitembea. Ninalitaja hili kwa sababu hadi leo, zaidi ya miaka 200 baadaye, ugonjwa huu unatambuliwa kwa njia ileile: kwa macho ya mtu anayejua anachokitazama, na kwa maelezo ya watu wanaoishi na mgonjwa. Kinachotokea ndani ni kwamba katika shina la ubongo kuna eneo dogo lenye rangi nyeusi, na chembe zake hutengeneza kemikali iitwayo dopamini, ambayo huuwezesha ubongo kuanzisha mwendo na kuuendesha kwa wepesi bila mtu kuufikiria. Chembe hizo zinapokufa polepole, mwili hujikimu kwa zile zilizobaki kwa muda mrefu, kiasi kwamba siku dalili za mwendo zinapoonekana waziwazi, karibu nusu ya chembe hizo huwa zimekwisha kupotea. Ndiyo maana nasema baba yako hakuanza kuumwa siku mkono ulipotetemeka.

Watu wengi wakisikia Parkinson humkumbuka Muhammad Ali, aliyetambuliwa kuwa na ugonjwa huu mwaka 1984 akiwa na miaka 42, na ambaye dunia ilimwona akiwasha mwenge wa Olimpiki kule Atlanta mwaka 1996 huku mkono wake wa kushoto ukitetemeka. Picha hiyo imetufundisha kuutafuta ugonjwa katika mtetemeko, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Takriban wagonjwa watatu kati ya kumi huanza bila kutetemeka hata kidogo. Vigezo vinavyotumiwa na wataalamu wa magonjwa ya mwendo duniani, vilivyotolewa upya mwaka 2015, vinataka kwanza uonekane uzito wa mwendo, kisha pamoja nao ama mtetemeko wa kiungo kikiwa kimepumzika ama ukakamavu wa misuli. Bila ule uzito, hata mtu atetemeke namna gani, haitwi mgonjwa wa Parkinson.

Uzito huu si udhaifu. Mzee anaweza kuwa na nguvu za kubeba ndoo, lakini mwendo wake unapungua ukubwa kila anapourudia. Mwombe baba akae, agonganishe kidole gumba na kidole cha shahada cha mkono wa kulia haraka haraka huku akivifungua kwa upana kadiri awezavyo, mara kumi au kumi na tano, kisha afanye hivyo kwa mkono wa kushoto. Mkono mzima utakwenda sawasawa hadi mwisho, hata kama ni wa polepole kwa sababu ya umri. Mkono wenye ugonjwa huanza vizuri, kisha nafasi kati ya vidole inazidi kuwa ndogo, unasita, pengine unakwama. Hapa ndipo ninapotofautiana na mama yako, kwa heshima zote, kwa kuwa uzee hupunguza kasi ya mwili mzima na hauchagui upande mmoja. Parkinson karibu kila mara huanzia upande mmoja, na hata baada ya miaka mingi, unapokuwa umeenea pande zote mbili, upande ule wa kwanza hubaki kuwa mbaya zaidi.

Sasa yatazame upya yale uliyoniandikia. Bega linalouma upande mmoja, lisilopona kwa dawa za maumivu, katika mkono ambao haupungi mtu anapotembea, ni mojawapo ya njia ambazo ugonjwa huu huingilia mlangoni, na wagonjwa wengi niliowaona walikuwa wamekwisha kuchuliwa, kuchomwa sindano na kupewa dawa za baridi yabisi kwa mwaka mmoja au miwili kabla mtu hajautazama mwendo wao. Mwandiko unaozidi kuwa mdogo kadiri mstari unavyoendelea, kwa mtu aliyeandika ubaoni maisha yake yote, ni uleule uzito wa mwendo umehamia kwenye kalamu. Uso ambao majirani wanauona umenuna huenda hauna chuki yoyote, kwani misuli ya uso imepunguza kazi na macho yanapepesa mara chache, na ni vizuri familia ijue hivyo mapema, maana nimeona ndoa zikitiwa baridi na uso ambao mwenyewe hakuuchagua. Sauti nayo hupungua bila mgonjwa kutambua, hata hulalamika kwamba watu wa nyumbani wameanza kuwa viziwi.

Kwa kuwa baba yako ni mtu wa msikitini, kuna mahali pengine pa kumtazama ambapo vitabu vyetu vya udaktari havipataji. Mtazame anapoinuka kutoka kwenye sijda na kwenye tahiyatu. Je, anahitaji kujaribu mara mbili? Anaegemea mkono wa kulia peke yake? Anachelewa kumfuata imamu ilhali zamani alikuwa safu ya kwanza? Mtazame pia anapofunga vifungo vya kanzu, anapojigeuza kitandani, na anapovaa kandambili, kwa kuwa kandambili ya mguu wenye ugonjwa huchomoka, au huburutwa hadi soli ikaisha upande mmoja.

Kuna dalili nyingine ambazo hukuzitaja, na sishangai, kwa kuwa hakuna anayezihusisha na mkono. Mwulize mama. Je, baba bado anasikia harufu ya vitunguu vikiungua jikoni, au ya karafuu kwenye chai? Kupoteza uwezo wa kunusa hutangulia mtetemeko kwa miaka mingi kwa wagonjwa wengi. Choo kigumu kinachodumu pia hutangulia. Na usiku, je, anapiga kelele, anarusha ngumi au mateke akiwa usingizini, kama mtu anayepigana ndotoni? Kwa kawaida mtu anapoota, ubongo huifungia misuli isisogee, na kufuli hilo linapolegea baada ya umri wa miaka 50, sehemu kubwa ya watu hao huja kupata Parkinson au ugonjwa ulio ndugu yake, wakati mwingine baada ya miaka kumi na zaidi. Mwaka 2003 mwanaanatomia wa Ujerumani, Heiko Braak, na wenzake walipendekeza kwamba ugonjwa huanzia sehemu za chini za ubongo na mahali pa kunusia, kisha hupanda, na maelezo hayo, ingawa hayamfai kila mgonjwa, yanatusaidia kufahamu kwa nini pua, tumbo na usingizi hulalamika kabla ya mkono. Huzuni isiyo na sababu, ile inayoitwa sonona, nayo imo katika kundi hili, na nisingependa ipuuzwe, kwa sababu inatibika.

Umenisaidia sana uliposema mkono unatulia baba anaposhika kikombe. Upo mtetemeko mwingine, tena wa kawaida kuliko Parkinson, ambao hutokea mikono yote miwili wakati wa kufanya kazi: kikombe kinamwagika, kijiko kinacheza, mwandiko unakuwa mkubwa wenye mawimbi, na mara nyingi mzazi au ndugu naye alikuwa nao. Huo hauhitaji dawa za Parkinson. Wa baba yako hutokea mkono ukiwa umepumzika mapajani, upande mmoja, na pengine utauona ukizidi akiwa anatembea au akihesabu kichwani kutoka mia kurudi nyuma.

Sasa vidonge. Zipo dawa zinazoziba mlango wa dopamini ndani ya ubongo, na mtu anayezitumia kwa wiki au miezi anaweza kupata uzito, ukakamavu na mtetemeko ambao hata daktari mwenye uzoefu hawezi kuutofautisha kwa urahisi na Parkinson. Katika maduka yetu ya dawa, ile ninayoikuta mara nyingi kwa wazee ni sinarizini, inayouzwa kwa ajili ya kizunguzungu na kwenye pakiti huandikwa kwa kuanza na herufi C. Mtu hupewa ya siku tano, akaona nafuu, akaendelea kujinunulia kwa mwaka mzima bila mtu kumwuliza. Zimo pia metoklopramidi ya kichefuchefu, na dawa za magonjwa ya akili kama haloperidoli, klopromazini na sindano ya flufenazini. Bega la baba lilianza kabla ya vidonge, kwa hiyo sidhani vidonge peke yake vinaeleza kila kitu, lakini vinaweza kuwa vimeufichua ugonjwa uliokuwa bado umejificha, au vinauzidisha. Chukua pakiti leo, soma jina, mpelekee daktari. Ikiwa ni mojawapo ya hizi, yeye ndiye atakayeamua namna ya kuiacha. Ile ya kizunguzungu kwa kawaida huachwa bila shida, bali dawa ya ugonjwa wa akili haiachwi ghafla kwa uamuzi wa nyumbani. Baada ya kuacha, dalili zinaweza kuchukua miezi kadhaa kupungua, hivyo msikate tamaa wiki ya pili.

Yapo mambo machache ambayo yangenifanya nifikirie ugonjwa mwingine. Kama mkono ulilegea ghafla siku moja, au mdomo ulipinda, hicho ni kiharusi na mgonjwa hupelekwa hospitali saa hiyohiyo. Kama mgonjwa ameanza kuanguka mara kwa mara ndani ya mwaka wa kwanza, anazirai kila anaposimama, anaona watu wasiokuwapo, au amesahau mambo mengi kabla hata ya mwendo kuharibika, magonjwa yaliyo karibu na Parkinson huingia kwenye hesabu. Kwa kijana chini ya miaka 40 tungepima pia madini ya shaba mwilini. Kwa baba yako sioni hata moja ya haya.

Nije kwenye MRI. Kipimo hiki huonyesha uvimbe, kiharusi cha zamani au maji yaliyojaa kichwani, na daktari akiona dalili zisizoeleweka anaweza kukihitaji. Lakini kwa mgonjwa wa kawaida wa Parkinson, picha hurudi ikiwa safi kabisa, na hapo ndipo madhara huanza, kwa sababu familia iliyouza mbuzi au kiwanja huambiwa “ubongo hauna tatizo” na kurudi nyumbani ikiamini kwamba basi ni mambo ya kishirikina. Picha safi haiukanushi ugonjwa. Hakuna pia kipimo cha kawaida cha damu kinachouthibitisha, ingawa daktari huweza kupima tezi ya shingoni kwa sababu nayo ikiharibika humtetemesha au humfanya mtu awe mzito. Kipimo halisi ni nusu saa ya daktari anayemtazama mzee akitembea, akigeuka, akigonganisha vidole, huku yeye daktari akimkunja mkono kwenye kiwiko kuona kama unakwama kwa vipande vipande, kama gurudumu lenye meno.

Anzeni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, mwoneni daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, na mwombeni rufaa ya kumwona daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, aidha KCMC kule Moshi, ambayo ndiyo hospitali ya kanda yenu, au Muhimbili kama mna ndugu wa kuwapokea Dar es Salaam. Moshi nawapendekezea kwa sababu nyingine pia. Utafiti mkubwa juu ya ugonjwa huu hapa Tanzania ulifanyika jirani na hapo, wilayani Hai. Watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu zaidi ya 160,000, wakapata wagonjwa 33, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 walionyesha kwamba zaidi ya robo tatu ya watu hao walikuwa hawajawahi kutambuliwa. Walikuwapo majumbani, wazito, kimya, wakiitwa wazee. Kila ninaposikia mtu akisema Parkinson ni ugonjwa wa Ulaya nawakumbuka hao.

Kabla ya safari, mpigeni baba picha za video kwa simu, kwa ridhaa yake: dakika moja akiwa amekaa mikono mapajani, dakika moja akitembea uwanjani na kugeuka, na sekunde chache akiandika sentensi ileile mistari mitano. Mtetemeko una tabia ya kujificha mbele ya daktari, na video haifichi. Tafuta pia daftari lake la zamani au barua ya miaka mitano iliyopita, ili mwandiko ulinganishwe. Andika tarehe kwa kadiri mnavyokumbuka, bega lilianza lini, mkono lini, vidonge lini. Mpangilio huo wa tarehe ndio utakaomsaidia daktari kuliko kitu kingine chochote mtakachobeba.

Ikithibitika, dawa kuu ni levodopa ikichanganywa na karbidopa, iliyo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Haiponyi wala haizuii ugonjwa kuendelea, lakini hurudisha wepesi, na nafuu kubwa baada ya dozi ya kutosha ni ushahidi mmojawapo kwamba utambuzi ulikuwa sahihi. Mtasikia watu wakishauri dawa icheleweshwe ili “isichakae”. Mashaka hayo yalijibiwa na utafiti uliolinganisha wagonjwa wa Ghana na wa Italia, uliochapishwa mwaka 2014: Waghana walianza dawa wakiwa wamechelewa sana, na bado matatizo ya kupandapanda na kushuka kwa nguvu ya dawa yaliwapata baada ya muda uleule wa kuugua kama Waitalia. Kuchelewa hakukuwaokoa na chochote, kuliwapotezea tu miaka ya kutembea vizuri. Vidonge vimezwe kwa saa zilezile kila siku, karibu nusu saa kabla ya chakula, kwa kuwa nyama, samaki na maharage hushindana na dawa katika kuingia mwilini, na visikatishwe ghafla. Ulizieni kabla ya pakiti kwisha, maana si kila duka la dawa huwa nazo. Kichefuchefu kikija siku za mwanzo, kataeni kwa adabu metoklopramidi hata kama mhudumu anaitoa kwa nia njema, na mwulizeni daktari kuhusu domperidoni.

Kuhusu kaka yako, usigombane naye. Kumwombea mzee dua hakumzuii kumeza vidonge. Ninachoomba ni kwamba asipewe unga au kikombe chochote bila daktari kujua, na hapa nina sababu ya pekee. Mbegu za upupu, huohuo unaowasha mashambani kwenu, zina levodopa ya asili, na zimefanyiwa utafiti wa kweli kwa wagonjwa wa Parkinson. Mganga anayezitumia anaweza hata kuonekana amefaulu. Tatizo ni kwamba hakuna anayejua kiasi kilichomo katika kijiko kimoja, na mgonjwa akiongeza upupu juu ya vidonge vya hospitali anaweza kupata mtukutiko wa mwili, kushuka kwa shinikizo la damu au kuchanganyikiwa.

Mwambieni baba ukweli, tena mapema, kwa maneno ya kawaida, mkiwa mmekaa naye. Yeye ni mwalimu, na anajua kwamba jambo lenye jina linaweza kujifunzwa. Mwambieni pia kwamba watu huishi na ugonjwa huu miaka mingi, na kwamba kutembea kila siku kwa hatua ndefu za makusudi, huku akisoma Kurani au gazeti kwa sauti kubwa kuliko anavyodhani inahitajika, ni sehemu ya tiba. Na kuhusu benki, mwombeni daktari, utambuzi ukishakamilika, awaandikie barua rasmi ya kueleza kwamba mwandiko wa mgonjwa umebadilika kwa sababu ya ugonjwa, kisha mwende naye mwenyewe akiwa na kitambulisho chake kuomba kusajili saini mpya au alama ya kidole. Fanyeni hivyo asubuhi, saa moja hivi baada ya dozi ya kwanza, wakati mkono wake ni mwepesi.